Shule za milimani zimeokolewa na likizo, si na mpango

Hebu nikuulize swali moja. Ile shule uliyosomea, kama mlima ulio nyuma yake ungeteleza saa nane usiku, nani alikuwa na ruhusa ya kupiga kengele?

Sijauliza nani angeweza. Kengele hata mtoto wa darasa la pili anaweza kuipiga. Nauliza nani alikuwa na ruhusa.

Kama ulisomea kwenye tambarare za Embakasi, swali hili halikuhusu sana na unaweza kuhamia ukurasa wa michezo, hatutagombana. Lakini kama ulisomea Murang'a, Elgeyo Marakwet, Pokot Magharibi, Meru, Kisii ama kule juu Taita, wewe unajua ninachozungumzia. Unajua zile shule ambazo ukitoka darasani unashuka ngazi 30 kufika chooni. Uwanja wa mpira una goli moja liko juu kuliko lingine, na mpira ukitoka nje mnatuma fomu wani aufuate hadi mtoni.

Mimi ni mtoto wa Kayole. Mamangu ndiye aliamua niende sekondari ya bweni mashambani, ati mji ungeniharibu. Shule yenyewe sitaitaja. Ilikuwa kwenye mteremko, chai juu, chai chini, na bweni letu limejengwa mahali ambapo mlima ulichongwa ili kupata sehemu tambarare. Nyuma ya bweni palibaki ukuta wa udongo mwekundu, mrefu kuliko paa. Kati ya ukuta huo na madirisha yetu palikuwa na nafasi ya kama mita mbili, tulipoanika soksi.

Mei 2018 nilikuwa kidato cha tatu. Mtakumbuka mvua ya mwaka huo, haikuwa mchezo. Usiku mmoja, baada ya siku tatu za kunyesha bila kupumzika, tulisikia sauti kama lori linalomwaga kokoto. Halafu kimya. Halafu mtu upande wa dirishani akapiga nduru. Ule ukuta ulikuwa umeshuka. Udongo ulikuwa umejaa ile nafasi yote hadi kwenye vioo, na kioo kimoja kilikuwa kimepasuka na matope yanaingia polepole juu ya kitanda cha kijana ambaye, kwa bahati, usiku huo alikuwa amelala kwa rafiki yake upande wa pili.

Tukatoka mbio. Mwalimu wa zamu akaja na tochi na mwavuli, akaangalia, akahesabu vichwa, akatuambia turudi ndani tulale.

Kapteni wa bweni akamwambia, "Mwalimu, na kama itashuka tena? Si tulale dining leo tu?"

"Dining imefungwa na ufunguo uko kwa mkuu. Rudini mlale upande wa mlango. Kesho mkuu akija tutaona."

Tukarudi. Vijana kama 80 tumebanana upande mmoja wa bweni, tukisikiliza mvua. Asubuhi tukapewa majembe na wilibaro. Kufikia saa saba mchana udongo ulikuwa umeondolewa wote na kumwagwa kando ya uwanja, kioo kikabadilishwa, na hadithi ikaisha hapo. Wazazi hawakuambiwa. Mamangu nilimwambia tukifunga Agosti, akaniangalia kwa muda mrefu, kisha akasema, "Na ulikuwa unangoja nini kuniambia?" Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimeshazoea.

Huyo mwalimu simlaumu sana siku hizi. Alikuwa kijana, labda umri nilio nao sasa. Alimwogopa prinsipali, prinsipali aliiogopa bodi, bodi iliiogopa wizara. Kila mtu alikuwa na mtu wa kumngoja. Ni mlima pekee haukuwa na mkubwa wa kuuliza.

Sasa twende kwa kalenda, maana hapo ndipo kesi yangu iko.

Usiku wa kuamkia Novemba 23, 2019, maporomoko yalizika familia nzima nzima Pokot Magharibi, sehemu za Nyarkulian, Parua na jirani zake. Zaidi ya watu 40 walikufa. Mimi nilikuwa katikati ya KCSE. Shule za msingi zilikuwa zimefungwa na madarasa mengi yalikuwa matupu.

Aprili 2020, udongo na mawe yakashuka Chesegon, mpakani mwa Pokot Magharibi na Elgeyo Marakwet, yakafagia soko na nyumba. Shule zilikuwa zimefungwa tangu Machi kwa sababu ya corona.

Usiku wa kuamkia Novemba 1, 2025, ikawa zamu ya Chesongoch, Marakwet Mashariki. Zaidi ya watu 25 walikufa na nyumba zaidi ya 1,000 zikaharibiwa. Muhula wa tatu ulikuwa umefungwa wiki moja tu awali, wakabaki watahiniwa. Na Chesongoch si mara ya kwanza. Ardhi iliporomoka huko 2010, ikaporomoka tena 2012, watu wakafa mara zote mbili.

Umeona? Likizo, corona, likizo. Sisemi watoto hawakufa. Walikufa, wengi, wamelala nyumbani na wazazi wao, na hilo nitalirudia. Ninachosema ni kwamba hatujawahi kusoma kichwa cha habari cha darasa lililojaa likifunikwa. Tukishaona hatujakisoma, tunadhani kuna kitu tunafanya vizuri. Hakuna. Aprili na Novemba, miezi ambayo sehemu nyingi za milimani hupata mvua kubwa zaidi, imetokea tu kwamba sehemu kubwa yake huangukia likizo. Aliyepanga mihula hakuwa anafikiria udongo.

Na bahati hiyo si ya kila mwaka. Corona ilipovuruga mihula, Novemba 2021 watoto wote walikuwa darasani. Machi huwa wako darasani kila mwaka, Mei pia. Mimi nilipatikana Mei. Na ile 2024, mafuriko yalipoishika nchi nzima, serikali ilifanya nini? Ilisogeza tarehe ya kufungua shule, kwanza kwa wiki moja, halafu ikaahirisha bila kutaja siku, hadi Mei 13 ndipo watoto wakarudi. Sikatai, ilikuwa uamuzi wa busara. Lakini angalia kifaa kilichotumika: kalenda ileile. Tuna kifaa kimoja tu na kinafanya kazi watoto wakiwa nyumbani.

Kuna mahali ambapo kalenda ilikosea kwa saa chache. Kijiji kinaitwa Aberfan, kiko Wales. Mgodi wa makaa ya mawe ulikuwa ukimwaga taka zake mlimani juu ya kijiji, na rundo namba 7 likawekwa juu ya chemchemi za maji. Ijumaa, Oktoba 21, 1966, muda mfupi baada ya saa tatu asubuhi, watoto wa shule ya msingi ya Pantglas wakiwa ndio wameketi tu, rundo hilo lililolowa liliteleza likaingia shuleni. Watu 144 walikufa, na 116 kati yao walikuwa watoto. Siku hiyo ilikuwa ya mwisho kabla ya likizo fupi ya katikati ya muhula. Wangefunga saa sita mchana.

Kinachonisumbua kuhusu Aberfan ni barua. Mwaka wa 1963, miaka mitatu kabla, mhandisi wa baraza la mji alikuwa ameandika rasmi kuhusu hatari ya taka hizo zilizomwagwa nyuma ya shule. Akataja shule yenyewe. Kwa hivyo mtu aliona, akajua, akaandika. Karatasi ikazunguka ofisini huku mvua ikiendelea kunyesha. Tume ya uchunguzi baadaye ililaumu shirika la serikali lililosimamia migodi.

Najua utasema lile lilikuwa rundo la taka, sisi milima yetu ni ya Mungu. Si kweli kabisa, bana. Ule ukuta nyuma ya bweni letu haukuchongwa na Mungu, ulichongwa na tingatinga.

Nilisoma uhandisi wa ujenzi hadi mwaka wa pili, kisha karo ikanishinda na nikaacha. Sina cheti cha kukuonyesha. Lakini somo la udongo nililipata kabla ya kutoka, na ni rahisi kuliko unavyodhani. Mteremko husimama kwa sababu chembe za udongo zimeshikana kwa msuguano. Mvua ikinyesha siku nyingi, maji hujaza nafasi kati ya chembe, yanazisukuma zisishikane, na wakati huohuo yanaongeza uzito. Miti ikiwa imeng'olewa, mizizi iliyokuwa inashona udongo haipo. Sasa ongeza mtu aliyekata mguu wa mlima ili apate mahali pa kuweka bweni, barabara au choo. Umeondoa kisigino halafu unashangaa mtu akianguka. Mlima uliokaa miaka 1,000 haukuwa na deni lolote la kukaa mwaka mmoja zaidi baada ya kuuchonga.

Na mara nyingi mlima hutoa ishara. Ufa mpya juu ya mteremko, hata mwembamba wa kuingiza kidole. Miti na nguzo za ua zinazoanza kuinama upande mmoja. Mlango wa darasa uliokuwa ukifunga vizuri unaanza kukwama. Chemchemi inatokea mahali ambapo hapakuwa na maji, au ya zamani inageuka matope. Na hii kila mtoto wa milimani aijue kama anavyojua jina lake: mvua inanyesha lakini mto unapungua ghafla. Hapo usifurahi. Kuna kitu kimeziba juu, na kikiachia kitashuka chote kwa pamoja. Kimbia, na usikimbie kufuata mteremko kushuka kwa sababu huwezi kushindana na matope. Kimbia kando, upande ambao udongo hauelekei, na upande mahali pa juu.

Sentensi hizo sita saba, nilizijua nikiwa na miaka 20, darasani chuoni, Nairobi. Miaka minne niliyolala chini ya ule ukuta hakuna aliyeniambia hata moja. Tulifundishwa mito ya Amerika Kaskazini, manze.

Kuhusu moto tumefundishwa, angalau kwenye karatasi. Moto ulitufundisha kwa lazima. Kyanguli, Machi 2001, wanafunzi 67. Mwongozo wa usalama shuleni wa Wizara ya Elimu wa 2008 unasema madirisha ya bweni yasiwe na vyuma na milango ifunguke kuelekea nje. Na bado Septemba 2024 tuliwazika watoto 21 wa Hillside Endarasha. Kwa hivyo sina ndoto kwamba karatasi peke yake inaokoa mtu. Lakini angalau kuhusu moto mkaguzi anajua cha kuuliza. Kuhusu mlima anauliza nini? Anaingia, anahesabu vizimamoto, anakunywa chai, anaenda.

Tena kanuni ya moto ukiipeleka mlimani bila kufikiri, inaweza kuua. Moto unakuambia utoke nje ukasimame mahali wazi. Shule yetu ilikuwa na kibao cha kijani kinachoonyesha mahali pa kukusanyika moto ukitokea. Kilisimikwa chini ya ule ukuta wa udongo, mwisho wake, kwa sababu hapo ndipo palikuwa na nafasi wazi. Nadhani hakuna aliyefanya kwa ubaya. Hakuna aliyeinua macho tu.

Kila maporomoko yanapotokea, sisi wa Nairobi tuna jibu moja: hao watu wahame. Tunalitoa tukiwa tumekaa kwenye nyumba zilizojengwa kando ya Mto Mathare, lakini wacha hiyo. Wamarakwet wameishi kwenye ile miteremko ya Bonde la Kerio karne nyingi, wakichimba mifereji inayoleta maji kutoka juu hadi mashambani, kazi ambayo wahandisi huja kuiangalia kwa mshangao. Ukiwaambia washuke bondeni wakae tambarare, bonde lenyewe lina historia yake ya wizi wa mifugo na risasi. Watu hawakai chini ya mlima kwa ujinga. Wamepima hatari mbili wakachagua ile inayokuja mara chache.

Na shule? Shule nyingi za mashambani zilijengwa kwa harambee, kwenye ardhi iliyotolewa na jamii. Sasa fikiria wewe ni mzee una ekari tano mlimani na unaombwa utoe kipande cha shule. Utatoa kile cha chai nzuri ama kile ambacho hata mbuzi anateleza? Simlaumu mzee. Alitoa, na wengine hawakutoa. Lakini ndiyo sababu unakuta nyumba ya watu sita iko mahali salama na bweni la watoto 80 liko kwenye korongo.

Kwa hivyo kuhamisha shule zote leo, tusidanganyane. Zile chache ambazo wanajiolojia wamesema wazi ziko njiani, zihamishwe, na pesa itafutwe. Zilizobaki zinaweza kufanya mambo ambayo hayangoji bajeti.

Lala watoto mbali na ukuta. Hiyo tu. Maporomoko haya yetu yamekuja usiku, moja baada ya jingine, kwa hivyo kama lazima kuna jengo litakalokaa chini ya mlima, liwe stoo, liwe maabara, lisiwe bweni. Kubadilisha matumizi ya vyumba viwili kunahitaji wikendi moja na vijana wa kidato cha tatu wenye nguvu.

Kata chupa ya lita mbili, iweke mahali wazi, pima mvua kila asubuhi kwa rula, uandike kwenye ubao wa matangazo. Najua inaonekana kama mzaha wa somo la sayansi. Lakini shule iliyo na namba za miaka mitatu inajua mvua ya kawaida ya kwao ni ipi, na siku ikiwa si ya kawaida itaona, bila kungoja utabiri unaozungumzia kaunti nzima. Mwalimu mmoja ninayemfahamu, anayefundisha sekondari ndogo kwenye miteremko, nilimwambia hivi kwa simu akacheka. Wiki mbili baadaye akanitumia picha ya chupa kwenye WhatsApp. Watoto wenyewe ndio wanapima, ati wanagombania zamu.

Halafu mtu atembee juu. Bawabu, mwalimu wa kilimo, wanafunzi wawili. Kila baada ya mvua kubwa wapande hadi juu ya ukuta waangalie kama kuna ufa, kama mfereji umeziba. Ukuta wetu, nilikuja kuelewa baadaye, ulishushwa na maji ya paa la darasa la juu, lisilo na mifereji, yakimwagika papo hapo miaka yote. Futi kadhaa za mabati yaliyokunjwa zingeyapeleka kando.

Lakini hivyo vyote ni bure kama bado hatujajibu lile swali la kengele. Mwalimu wa zamu awe na ruhusa, imeandikwa, imesainiwa na bodi, wazazi wameisikia kwenye mkutano, kwamba usiku akiona au akisikia kitu, anawatoa watoto na kuwapeleka mahali palipokubaliwa, na ufunguo wa mahali hapo uko mfukoni mwake. Bila kupiga simu kwanza. Na kama amekosea, kama watoto 80 wamelala dining usiku kucha na mlima haukusonga hata sentimita, asubuhi aambiwe asante. Hapo kwenye asante ndipo tunashindwa. Mwalimu anayejua kwamba akikosea ataitwa ofisini, atasema kila mara "kesho tutaona." Wewe ungesema nini ukiwa na mkataba wa muda?

Nilisema nitarudia wale waliokufa nyumbani. Kuna wanaosema, kama maporomoko yanaua watu vitandani mwao vijijini, mbona unasumbua shule? Kwa sababu shule ndiyo mahali pekee ambapo kila boma mlimani humtuma mtu kila siku. Chifu akiita baraza, wataenda wazee 20. Mwanafunzi wa darasa la tano aliyefundishwa kuhusu mto unaopungua wakati wa mvua atarudi jioni na hiyo habari hadi kwenye nyumba ambayo redio haina betri. Atamwambia nyanyake. Nyanyake pengine atasema alijua, kwamba babake alikuwa akisema hivyo hivyo. Sawa. Watakuwa wawili wanaosikiliza mto usiku.

Desemba iliyopita nilipita kule shuleni kwetu nikienda mazishini. Bawabu ni yule yule, akanitambua, akaniita "Nairobi" kama zamani, akanifungulia geti nikatembee. Bweni liko. Limeongezwa chumba upande wa nyuma, kwa hivyo ile nafasi ya mita mbili imebaki kama moja. Wamepanda nyasi kwenye ukuta, hiyo nitawapongeza. Paa la darasa la juu bado halina mifereji.

Na kile kibao cha kijani kiko pale pale. Kimepakwa rangi mpya.